Zamu ya Mwalimu Mutindi

Kila asubuhi Mugure alifungua duka kwa mpango uleule. Aliinua mlango wa chuma, akafagia ngazi ya mbele, akapanga nje mawe ya chumvi ya ng'ombe na vyombo vya kunyweshea kuku, kisha akapangusa kaunta. Kitambaa kilipofika mwisho wa kaunta, Mwalimu Mutindi naye alikuwa amefika.

Mwalimu alikuwa mwanamke mrefu, mstaafu, mwenye kiondo begani na mwavuli mkononi hata jua likiwaka. Alimfundisha Mugure darasa la nne katika shule iliyo nyuma ya soko la Noonkopir, na kila Jumatatu alikagua kucha za watoto akizigusa kwa ncha ya rula. Sasa Mugure alikuwa na diploma ya afya ya mifugo na koti jeupe lenye jina lake mfukoni, lakini Mwalimu alipoingia dukani, yeye bado alikunja vidole akavificha kiganjani.

"Habari ya asubuhi, Mugure."

"Nzuri, Mwalimu."

"Mna ile dawa ya macho?"

"Iko, Mwalimu. Ni ya nani leo?"

"Ya kuku."

Siku zote ilikuwa ya kuku. Mugure alijua Mwalimu aliacha kufuga kuku tangu ule ukame mkubwa, maana ni dukani hapo alipokuwa akinunua chakula chao. Hakuuliza zaidi. Alifunga dawa kwenye karatasi, Mwalimu akaipokea, kisha akabaki amesimama muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika, akisoma maandishi ya chupa za dawa ya minyoo kama mtu anayesubiri kuitwa. Baadaye aliaga akaenda.

Jumanne moja, kabla Mugure hajageukia rafu, kiondo kikalia.

Walitazamana.

"Ni simu," Mwalimu akasema.

"Ndiyo, Mwalimu."

Simu ikalia tena, na safari hii ikatoa kichwa. Alikuwa mtoto wa paka wa rangi ya njano, mdogo kuliko kiganja, macho yote mawili yamegandamana kwa usaha mkavu, pua imeziba. Alikuwa akinusa hewa akitafuta pa kuelekea. Mugure alinyoosha mkono bila kufikiri. Mwalimu alimrudisha kichwa ndani kwa kidole kimoja, taratibu, kama anayefunga kifungo cha shati.

"Ni wa jirani," akasema, akatoka. Dawa ikabaki kwenye kaunta, na mwavuli pia.

Ngugi, mwenye duka, alikuwa ameona yote kutoka stoo. Alicheka mpaka akaegemea magunia ya pumba.

"Jirani gani! Huyo mama ako na nyau wengi kuliko washirika wa kanisa lake. Wewe hujui? Paka yako ikizaa, unaweka watoto kwa gunia ya unga, unapita kwa geti yake ukitupa. Hawezi kufukuza. Town yote inajua."

"Na wewe ulitupa?"

"Mara moja tu," Ngugi akasema. Akaacha kucheka, akaanza kuhesabu mifuko ambayo haikuhitaji kuhesabiwa.

*

Jioni Mugure alipeleka mwavuli. Nyumba ya Mwalimu ilikuwa upande wa Kisaju, mbali kidogo na barabara ya Namanga, ploti ya ukuta wa mawe na geti la bluu. Aligonga. Mwalimu alifungua geti upana wa bega lake, akasimama papo hapo kwenye mwanya.

Harufu ndiyo iliyomkaribisha Mugure. Alijifunza chuoni kutokunja uso mbele ya harufu yoyote ya mnyama, na akajitahidi. Juu ya bega la Mwalimu aliona tangi la maji lililojaa paka kama vikombe kwenye rafu. Paka walikuwa juu ya ukuta, juu ya kamba ya nguo iliyolegea, kwenye ngazi, kwenye dirisha. Kwenye banda la zamani la kuku, ndani ya vyombo vya kulishia, watoto wa paka walikuwa wamelala mmoja juu ya mwenzake. Wengine walipumua kwa mdomo. Mmoja hakupumua.

"Ningekukaribisha chai," Mwalimu akasema, "lakini gesi imeisha."

Mjini kwao Kitengela, hata mtu wa kusoma mita ya maji hukaribishwa chai. Wote wawili walijua hivyo, na wote wawili wakatazama mwavuli.

Mugure alikuwa na maneno. Aliyapanga njia nzima: Mwalimu, niko na ujuzi, nipe ruhusa nije Jumapili, tuanze na wale wadogo. Yalikuwa yamefika kwenye meno. Kisha akamwona Mwalimu akikunja vidole vyake mwenyewe na kuvificha, na Mugure akaona vilikuwa na kinyesi chini ya kucha, na akaona kwamba Mwalimu ameona kuwa ameona.

"Uliacha mwavuli," Mugure akasema.

"Asante, mtoto mzuri."

Geti likafungwa.

*

Alhamisi ilikuwa siku ya ushirika. Wanawake wa kanisa lao walikutana nyumba kwa nyumba kwa zamu, na kila mwenye zamu aliosha pazia, akaazima viti, akapika chai na mandazi. Zamu ya Mwalimu Mutindi ilikuwa imepita bila kutimizwa mara nyingi. Mara alikuwa na malaria, mara amekwenda kuzika Machakos, mara nyumba inapakwa rangi. Alhamisi hii pia ilikuwa yake, na pia alikuwa ametuma udhuru, kwa hiyo walikutana kwa Mama Njogu, kiongozi wao, ambaye hakukosa kulitaja jambo hilo alipokuwa akimimina chai.

Waliimba, wakasoma, kisha Mama Njogu akauliza nani ana ombi. Mama mmoja aliombea mguu. Mwingine aliombea mwana aliyeko Qatar. Mugure, aliyekuwa mdogo kuliko wote na ambaye kwa mwaka mzima hakuwahi kusema lolote zaidi ya amina, akasikia sauti yake.

"Tumkumbuke Mwalimu Mutindi. Amelemewa."

"Amelemewa na nini?"

"Amelemewa tu."

"Ombi lazima liwe na maelezo, binti yangu," Mama Njogu akasema. "Ama tutaomba hewani?"

Basi akaeleza. Alianza na watoto wa paka, macho yao, yule asiyepumua. Walipouliza kuhusu nyumba, akaeleza nyumba. Walipouliza kuhusu harufu, akaeleza harufu. Wanawake walisogeza viti. Mmoja akasema "Ngai!" akashika shavu. Hakuna siku waliyowahi kumsikiliza Mugure namna hiyo, na kwa muda mfupi, akiwa na kikombe cha moto mkononi na macho yote kwake, aliona raha. Raha hiyo ndiyo iliyomrudia baadaye, alipokuwa peke yake akiosha vyombo, akataka kujizika.

Kabla ya jua kutua, simu yake ililia. Mama Njogu alikuwa ameandika kwenye grupu la ushirika:

"Wapendwa, tusimame na Mwl Mutindi. Nyumba imejaa paka, uchafu na harufu. Paka wengi hivyo si jambo la kawaida. Jumamosi tunamtembelea kwa maombi na USAFI. Mje na fagio na sabuni. Wasike atakuja na pikapu na magunia, hao paka watupwe mbali huko nyuma ya Isinya. Tunamshukuru Mugure kwa kutujulisha."

Amina zilifuatana, na mikono ya kusali, na mama mmoja akaweka ile picha ya uso unaoziba pua. Kisha, chini kabisa, likaja jibu fupi lenye nukta na herufi kubwa mahali pake:

"Amina. Karibuni nyote. Mutindi."

Hakuna aliyekumbuka kwamba Mwalimu alikuwa ndani ya grupu. Hakuwahi kuandika chochote. Mugure alikaa kitandani na simu kifudifudi juu ya paja, uso umemwaka mpaka masikio.

*

Ijumaa alifungua duka, akafagia, akapangusa kaunta mpaka mwisho. Hakuna aliyekuja. Akapangusa tena.

Saa ya chakula alimpigia Resian, aliyesoma naye chuoni. Resian alikuwa mtoto wa wafugaji wa Kajiado, mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya bonde, na sasa alifanya kazi na kikundi kidogo pale Kajiado mjini kilichotibu paka na mbwa wasio na wenyewe na kuwafunga kizazi.

"Sopa, Mugure! Leo umekumbuka watu?"

Mugure alimweleza yote, pamoja na ombi.

"Ngoja nielewe. Ulimwambia Mungu, ukaambia mamas, ukaambia hadi mtu wa pikapu. Mwenyewe bado hujamwambia?"

"Nilimwogopa."

"Huyo mzee wa watu ako na rula bado?"

"Resian, tafadhali. Watawatia kwa magunia. Wale wadogo hawaoni hata. Huko nyuma ya Isinya hawatamaliza siku."

Resian akapumua. "Niko na nafasi ya wadogo, wagonjwa. Wakubwa tutakuja kuwafunga kizazi kidogo kidogo, tunawarudisha. Lakini sikiza. Mimi siingii kwa boma ya mtu kubeba mnyama wake kama mwizi. Lazima mwenyewe aseme kwa mdomo wake. Akikataa, narudi Kajiado na gari tupu."

"Hatasema. Hajawahi kuomba kitu kwa mtu."

"Basi mnafanana," Resian akasema.

*

Jumamosi Mugure alibeba maboksi ya vifaranga kutoka dukani, yale ya karatasi ngumu yenye matundu pembeni. Ngugi alimpa yote bila kuulizwa, na taulo za zamani juu yake, na hakufanya mzaha wowote.

Alipofika, wanawake walikuwa wamejikusanya nje ya ukuta na mafagio yao, wakiongea kwa sauti ya chini kama kwenye msiba. Pikapu ya Wasike ilikuwa imegeuzwa tayari kuondoka. Mama Njogu aliinua mkono kugonga, na geti likafunguka kabla hajagusa. Lilifunguka lote, pande zote mbili, mpaka likagonga ukuta.

Mwalimu Mutindi alisimama amevaa suti yake ya bluu ya kufundishia na viatu vya ngozi vilivyong'arishwa. Nyuma yake uwanja ulikuwa umemwagiwa maji na kufagiwa, mistari ya fagio bado ikionekana, na paka walikuwa wamekwisha kuikanyaga. Kulikuwa na viti vya plastiki vya kukodi, vimepangwa kama darasani. Kulikuwa na meza yenye kitambaa cheupe, chupa za chai na sahani ya mandazi iliyofunikwa.

"Karibuni," akasema. "Zamu yangu imechelewa. Mnisamehe."

Walikaa kwa sababu hawakujua la kufanya isipokuwa kukaa. Mwalimu akapita na trei mwenyewe, kikombe baada ya kikombe, na kila mama akasema ameshiba, ametoka kunywa, daktari amemkataza chai ya maziwa. Trei ilipita viti karibu vyote ikiwa bado imejaa. Ilipomfikia Mugure aliyekaa mwisho, alichukua kikombe. Unywele wa paka ulikuwa ukielea juu. Alikunywa. Mwalimu hakumtazama.

Mama Njogu alisimama kuomba. Aliomba kwa sauti, akakemea kila kitu kisichokuwa cha kawaida katika boma lile, na kabla ya amina ya mwisho kuisha alimpa Wasike ishara kwa kidevu. Wasike alivaa glavu, akaingia kwenye banda la kuku, akamshika paka mama mmoja mwenye madoa kwa ngozi ya shingo. Watoto wake walibaki wakitambaa ovyo, wakigongana, wakilia. Wasike alifungua mdomo wa gunia kwa mguu.

Mwalimu alikuwa bado ameshika trei. Vikombe vikaanza kugongana.

"Mweke chini," Mugure akasema.

Hakuna aliyesikia. Akasimama, kiti cha plastiki kikaanguka nyuma yake, na hapo wote wakageuka.

"Wasike, mweke chini. Tafadhali."

"Mugure," Mama Njogu akasema, "si ni wewe uliyeleta ombi?"

"Haikuwa ombi." Alijua uso wake ulikuwa ukiwaka kama wa mtoto aliyekojoa darasani. "Nilitaka kumwambia yeye. Nilisimama hapo getini nikashindwa. Nikawaambia nyinyi kwa sababu nyinyi mlikuwa rahisi, na nikaona tamu vile mlikuwa mnanisikiza. Nilisengenya. Halafu nikaita ombi."

"Kwani maombi ni umbea sasa?"

"Yangu yalikuwa."

Wasike alitazama huku na huku, akamwachilia paka. Hakuna aliyemzuia.

"Inua kiti, Mugure," Mwalimu akasema kwa sauti ya darasani, "na ukae."

Akaweka trei mezani. Kisha, kama mwenyeji yeyote anayewajulisha wageni watu wa nyumbani, akaanza kuonyesha kwa kidole. Hakuwa na hasira, na hiyo ndiyo iliyokuwa ngumu kuvumilia.

"Yule aliye juu ya tangi alitupwa akiwa na wenzake kwenye mfuko wa shule. Wale weusi walikuja ndani ya gunia la pumba la duka la Ngugi. Huyu wa madoa, ambaye Wasike alimshika, aliletwa kabla ya Pasaka katika gunia la sukari, pamoja na dada yake, na gunia lilifungwa kwa leso ya kijani yenye maua." Akamgeukia kiongozi wa ushirika. "Niliifua, Mama Njogu. Iko ndani. Sikujua nikurudishie vipi bila kukuaibisha."

Mama mwingine, wa nyuma, akaanza kutafuta kitu ndani ya pochi yake. Fagio moja lilianguka na hakuna aliyeliokota.

"Na yule chini ya ngazi," Mwalimu akaendelea, "hatoki kula mpaka wengine washibe. Nimempa jina la Mugure."

Mtu mmoja alicheka kidogo kwa pua, kisha akajifuta macho. Mama Njogu aliinuka, akasema ana mgeni nyumbani, akatoka na mkoba wake kwapani bila kuaga. Baadhi walimfuata. Waliobaki walikuja mezani mmoja mmoja, wakajimiminia chai iliyokuwa imepoa, wakanywa wakiwa wamesimama.

*

Resian alifika na gari lake, akasalimia kwa sauti iliyowaamsha paka waliokuwa wamelala ukutani, kisha akaona nyuso za watu na kupunguza. Alipiga magoti mlangoni mwa banda. Mugure alipiga magoti kando yake. Walichovya pamba kwenye maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo, wakaanza kulainisha macho yaliyogandamana, polepole, mpaka kope zikaachana. Yule wa njano alikuwepo. Jicho lake moja lilikuwa zima chini ya uchafu wote ule, la bluu. Jingine lilikuwa limekwisha kuharibika.

Waliwalaza kwenye taulo ndani ya maboksi, lakini vifuniko vikabaki wazi.

"Mama," Resian akasema, safari hii taratibu, "niko na dawa na joto na watu wa kuwalisha. Lakini siwezi kuwabeba. Ni wako. Ni wewe utasema."

Mwalimu alikaa kwenye kiti cha kukodi, mikono juu ya magoti.

"Yule wa njano hapendi maziwa baridi," akasema.

"Sawa, mama."

"Na huko Kajiado usiku kuna baridi."

"Ni kweli."

"Gari lako lina vumbi sana."

Resian alimtazama Mugure akainua nyusi. Jua lilikuwa limepanda. Mtoto mmoja wa paka alikohoa, mwili mzima ukatikisika. Mugure alifuta mikono kwenye koti lake jeupe, akaenda akachuchumaa mbele ya kiti cha Mwalimu, chini kabisa, ili asihitaji kuinua macho mbali sana. Vidole vyake vilikuwa na usaha na uchafu mpaka kwenye mizizi ya kucha. Hakuvikunja.

"Mwalimu," akasema, "ile dawa ya macho ilikuwa ya nani?"

"Nilikwambia. Ya kuku."

"Ndiyo. Sasa ninakuuliza mara ya pili."

Mwalimu aliangalia mikono ile kwa muda. Akainua kidevu juu kama alivyozoea kusimama mbele ya gwaride.

"Yule mtoto hakuingia kwenye kiondo mwenyewe," akasema mwishowe. "Nilimtia mimi, ili alie. Kila asubuhi nilikuja nikiwa na neno moja, na kila asubuhi nilinunua dawa." Akashika vidole vichafu vya Mugure kwa mikono yake miwili. "Nimeshindwa, Mugure. Wachukueni. Nisaidie."